Ubao Usikauke

Thornlow, Derbyshire
22 Aprili 2023

Babu yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, na kwamba upepo wa huko Shetland haujamng'oa Shangazi Beth bustanini. Sisi hatujambo. Baba amepaka rangi chumba chako, ila hakuna aliyehamia humo. Mama anaanikia humo nguo. Paka wako analala kwenye kiti chako, na mtu akitaka kukaa anajifanya amekufa. Naandika kwa mkono kwa sababu Shangazi anasema simu huisikii hata akiiweka kwenye lile sikio zima, na wewe mwenyewe ulisema barua za kupigwa chapa zinafanana na za benki.

Sasa jambo lenyewe. Jumapili moja mwezi uliopita, baada ya ibada, Bi Marsden alisimama akasema kwamba siku ya kupamba visima kwa mbao zenye picha za maua inakaribia, na tangu uondoke ubao wa watoto hauna mtu, kwa hiyo mwaka huu atapewa "mjukuu wa Clement, yule asiyesema." Watu wote wakageuka kunitazama. Nilitaka kukataa, lakini ili kukataa ilibidi niseme.

Basi kila Jumamosi niko ukumbini na watoto kumi na mmoja. Nimechagua picha ya kamba wa kijito chetu cha Lum. Niliwaeleza kwamba bonde zima limebaki na kijito kimoja tu chenye kamba weupe, kwa sababu wale wa Kimarekani waliojaa kwenye mto wa chini wana ugonjwa ambao wao wenyewe hauwaui ila wetu unawamaliza, nao husafiri kwenye kitu chochote kilicholowa. Nikawaambia kwamba wewe umewahesabu miaka thelathini na moja. Kisha nikawachorea mmoja.

"Mbona kama mende?" akauliza Maisie Heathcote. Ana miaka saba na hana meno ya mbele.

"Si mende. Ni kamba wa mtoni."

"Analiwa?"

"Hapana. Analindwa."

"Kwa hiyo tunamtazama tu? Kama sahani za bibi yangu."

Nikasema ndiyo, kama sahani za bibi yako. Wamechora matangazo kumi na moja, tumeyatundika kandokando ya kijito: KAUSHA BUTI ZAKO. Hakuna mtoto anayeingia Lum kabla gambuti zake hazijakaa juani kwenye uzio wa kanisa siku mbili. Wanakaguana wenyewe, na ni wakali kuliko polisi.

Ila ubao sijui kuutengeneza. Niliutazama mara nyingi ukiutengeneza, lakini kutazama si kujua. Tafadhali niandikie hatua kwa hatua.

Mjukuu wako,
Imogen


Unst, Shetland
4 Mei 2023

Mjukuu wangu Imogen,

Salamu kutoka mahali pasipo na mti hata wa kufungia mbuzi. Shangazi yako mzima. Mimi nakula, nalala, natazama kondoo, nao wananitazama. Daktari hana jipya.

Mwambie Bi Marsden kwamba mjukuu wa Clement husema akiwa na la kusema, utaratibu ambao yeye hajawahi kuujaribu.

Shika haya. Ubao ulale majini siku tano, uzame kabisa, mawe juu yake. Ubao mkavu hunyonya maji ya udongo, udongo ukapasuka, picha ikamdondokea kasisi miguuni. Ukishautoa majini usikauke hata saa moja. Hilo ndilo la kwanza na la mwisho. Udongo wa mfinyanzi ukanyagwe pamoja na chumvi mpaka uwe laini kama siagi. Kazi hiyo waachie watoto, wamezaliwa nayo. Mistari ya picha ifuateni kwa punje za kahawa. Petali zianzie chini kwenda juu, moja ikilalia nyingine kama vigae, mvua ipate kuteleza. Kitu ambacho hakikuota wala kutoka ardhini kisiingie. Mwaka 1988 kuna mtu aliweka kifungo cha shati kuwa jicho la Yona. Hadi leo wapo wasiomsalimu.

Hilo la mabuti nimelifurahia. Bibi yako aliwahi kuniuliza kwa nini nawahesabu kamba kuliko ninavyowahesabu ndugu zangu. Nilimwambia ndugu zangu hawapungui. Agosti iliyopita, chini ya mawe yale arobaini ninayoyageuza kila mwaka, walikuwa sitini na watatu. Wafundishe watoto idadi hiyo.

Babu yako,
Clement Gratton


Thornlow
10 Juni 2023

Babu mpendwa,

U hali gani? Shangazi alimwandikia Mama kwamba ulichoka kidogo mwezi Mei. Natumaini ni uchovu tu. Huku hali ya hewa ni nzuri mno. Mtihani wa kemia nimefaulu, wa kuzungumza Kifaransa sikuufaulu, na sababu unaijua.

Watoto wanaendelea vizuri. Wamekusanya punje za kahawa mitungi mitatu, na kila nyumba yenye maua imeomba tuihurumie. Maisie alikamatwa akichuma waridi za Bi Marsden. Akasema, "Si wizi, ni kwa ajili ya sahani." Ilibidi nimweleze Bi Marsden, nami sikuweza kueleza, kwa hiyo sote wawili tulikaripiwa.

Nina shida moja. Mbao zitaingia majini Alhamisi na kutoka Jumanne inayofuata, lakini Bw. Alsop anayetuchimbia udongo anasema utachelewa mpaka Alhamisi kwa sababu shimo la udongo limekuwa gumu. Siku hizo mbili niufanye nini ubao wa watoto? Umesema usikauke hata saa moja.

Imogen


Unst
14 Juni 2023

Imogen,

Najibu upesi ili meli ya posta isiniache. Sote wazima, nimekula samaki.

Ulaze kwenye Lum, chini ya daraja la mbao, penye kivuli, mawe manne juu yake. Kutoka bwawa la kijiji hadi hapo ni hatua mia, na maji ni yale yale, bwawa linamwagikia kijito. Watoto waubebe wenyewe. Watajiona watu.

Clement


Thornlow
25 Juni 2023

Babu mpendwa sana,

Salamu nyingi, na wote wanakusalimu: Baba, Mama, kasisi, hata watu ambao sikujua wanalijua jina langu.

Ubao umesimama. Haukupasuka popote. Jana kasisi alibariki visima vyote vitatu, na alipofika kwetu alikaa muda mrefu kuliko kwa ule ubao mkubwa wa Bi Marsden. Kamba wetu ana mgongo wa maganda ya mbegu, magando meupe ya petali za waridi (zilizoombwa), na maji ya maua ya haidranjia ya buluu yanayokolea kadiri yanavyoshuka. Chini yake watoto wameandika kwa punje za kahawa: YUKO HAPA.

Ningependa ungewaona siku ile ya ubao. Bw. Alsop alizileta mbao kwa trekta kutoka kwenye kinu kule Cressbridge, zikichuruzika maji njia nzima, na watoto wakakimbia nyuma wakipiga kelele, "Usikauke! Usikauke!" Bw. Alsop akasema, "Mnafukuza trekta au mnafukuza ng'ombe?" Maisie akamjibu, "Endesha wewe, acha maswali." Kisha wao kumi na mmoja wakaubeba wa kwao mpaka Lum, wakaulaza chini ya daraja kama ulivyosema, na kila mmoja akataka kuweka jiwe.

Halafu nilihutubia, Babu. Dakika mbili nzima, mbele ya kijiji. Nilisema kijito hakilindwi na sheria, kinalindwa na watu wanaokijua. Sauti ilitetemeka lakini haikukatika. Nina furaha kiasi kwamba sijui nikae wapi.

Imogen


Unst
2 Julai 2023

Mjukuu wangu,

Salamu. Hapa ukungu siku tatu, meli haikwenda. Shangazi yako anafuma sweta isiyo na mwenyewe.

Nimefurahi kuhusu hotuba. Bibi yako angefurahi pia.

Barua yako ililowa njiani, pale penye habari za trekta wino umefifia, sikuweza kusoma vizuri. Si kitu. Kama kuna la kuongeza utaongeza.

Kamba wanaendeleaje?

Clement


Thornlow
23 Julai 2023

Babu mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Sote wazima. Shule imefungwa. Baba amenunua ngazi mpya, Mama anajifunza kuoka mkate wa shayiri ambao hauumuki, paka amepigwa chanjo. Binamu Rufus amehitimu. Kiti chako kimeshonwa upya kwa kitambaa kilekile. Nadhani habari za nyumbani ni hizo.

Uliniuliza kuhusu kamba. Tarehe 14 Maisie aliniita. Palikuwa na mmoja anatembea mchana kweupe katikati ya kijito, nawe unajua hawatoki mchana. Alitembea juu ya ncha za miguu, kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Kisha akaanguka chali. Tulimgeuza, akaanguka tena.

Kesho yake walikuwa tisa. Sasa sihesabu.

Bi Sheldon wa ofisi ya mito amekuja, akachukua wawili ndani ya chupa. Aliuliza kila mtu kama kuna kitu chochote chenye maji kilichoingia Lum tangu Mei: nyavu, buti, mbwa aliyeogelea mto wa chini. Watoto walimwonyesha uzio wenye gambuti. Aliwasifu.

Alipoondoka Maisie akanivuta mkono. "Dada, ubao wetu ulikuwa na maji."

"Ubao si kiatu, Maisie."

"Lakini ulikuwa na maji."

"Si ubao," nikamwambia. "Nenda kwenu, chakula tayari."

Akaenda. Huwa ananiamini.

Natumaini unapumzika.

Imogen


Thornlow
9 Agosti 2023

Babu,

Barua hii nimeiandika mara nne. Nyumbani hawajambo. Salamu ni hizo, sina nyingine.

Bwawa la kijiji lilikauka tarehe mbili Juni. Sikukuambia. Wewe na Bibi ndio mliolizibua mwaka ule wa ukame, na Shangazi alimwandikia Mama kwamba moyo wako hautaki habari mbaya. Kwa hiyo niliandika hali ya hewa ni nzuri. Mbao zikapelekwa kulowekwa kwenye mto wa chini, penye kinu cha Cressbridge. Uliponiambia niulaze ubao kwenye Lum, uliandika hatua mia kutoka bwawani, maji ni yale yale. Nilisoma sentensi hiyo. Nilijua maji si yale yale. Sikuwaza, Babu. Niliwaza tu kwamba usikauke.

Nilijua kamba wa Kimarekani wamejaa kule. Mimi ndiye niliyewafundisha watoto. Gambuti zao zote zilikuwa kwenye uzio zikianikwa, kavu kama biskuti, nami nimesimama kando ya uzio huo nikiwahimiza wabebe ubao upesi ukiwa bado unachuruzika.

Majibu ya chupa yamekuja. Ni ugonjwa wa kamba. Jana nilipanda basi hadi ofisini kwa Bi Sheldon, nikamwambia yote. Hakunikaripia. Alisema ugonjwa ulichukua wiki tatu kuupanda mkondo hadi juu ya maporomoko ya Lum, na kwamba kama angejua mwezi Juni angewahamisha wale wa juu kwenye machimbo ya mawe ya zamani, ambako kuna maji safi. Wangepona labda arobaini. "Labda," akasema tena, nikaona ananihurumia.

Nilikuwa nimejua tangu tarehe 14 Julai. Kufikia hapo nadhani baadhi walikuwapo bado juu ya maporomoko. Nilingoja siku ishirini na tano.

Watoto sijawaambia. Siwezi. Bi Marsden anataka picha ya ubao iwe kadi ya Krismasi ya kijiji.

Imogen


Unst
17 Agosti 2023

Imogen,

Nimepata barua yako. Sitaandika habari za kondoo.

Ile ya Juni ilinifikia tarehe 29, saa ya chai. Nilisoma neno Cressbridge, nikakiweka kikombe chini. Barua haikulowa. Wino ulikuwa safi, mwandiko wako mzuri kama siku zote. Simu ilikuwa mezani, na Beth alikuwa jikoni, angeweza kupiga kwa niaba yangu na mambo yangekwisha kwa dakika moja. Sikumwita.

Nilijiambia ubao mmoja, siku mbili, huenda pasiwe na kitu. Nilijiambia una miaka kumi na tano, na kwamba sijawahi kusoma barua yako yenye furaha namna ile. Yote mawili ni kweli, lakini hakuna kati yake lililo sababu. Sababu ni kwamba mimi ndiye niliyesema ulazwe Lum, na kwa miaka thelathini na moja nimekuwa mtu anayewalinda kamba. Sikutaka kufa nikiwa yule mwingine. Kwa hiyo nikakuandikia uongo wa wino uliofifia, nikangoja wewe useme, kama mtu mzima anayemsukuma mtoto atangulie gizani.

Wewe ulingoja siku ishirini na tano. Mimi nilianza kungoja kabla yako, wakati wale wa juu walikuwa wazima wote. Fanya hesabu hiyo mwenyewe, usimpe mtu mwingine akufanyie.

Kuhusu moyo wangu Shangazi yako amesema kweli. Ni mbovu. Nilikuficha hilo, ukanificha bwawa, na katikati ya kuhurumiana kwetu kamba wamekwisha.

Usinifariji. Nami sikufariji, kwa sababu ningekudanganya, na nimeshafanya hivyo mara moja.

Yapo mawili. Watoto waambie wewe, kabla hawajaambiwa na Bi Marsden. Na hesabu ya Agosti ifanyike. Bi Sheldon ana kibali cha kuwashika kamba, mwombe awepo. Mawe ni yale arobaini, ramani iko kwenye droo ya chini ya kabati langu. Kama hakuna, andika hakuna. Usiache mstari mtupu. Mstari mtupu huonekana kana kwamba siku hiyo mtu hakufika.

Clement


Thornlow
3 Septemba 2023

Babu,

Mama na Baba wanakusalimu. Wamesoma barua zako zote mbili za mwisho. Niliwaomba wasome.

Tulihesabu Alhamisi iliyopita, tarehe 31. Bi Sheldon alikuja na dawa ya kusafishia, akapulizia kila gambuti kabla na baada. Nilisema hakuna kilichobaki cha kuambukizwa. Akasema hata hivyo.

Watoto walikuja tisa. Wawili wamekatazwa na wazazi wao. Niliwakusanya darajani kabla hatujaanza, nikawaambia ni ubao. Nikawaambia maji yalitoka wapi, na kwamba nilijua, na kwamba Bi Sheldon alipouliza nilinyamaza. Sikutetemeka safari hii. Afadhali ningetetemeka.

Maisie alisema, "Uliniambia si ubao."

"Nilikudanganya."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

Alitazama maji chini ya daraja. "Mimi ndiye niliyeweka jiwe kubwa kuliko wote," akasema. "Ili uzame vizuri."

Nilimwambia si kosa lake. Nimemwambia hivyo kwa mdomo uleule uliomwambia si ubao, na yeye si mjinga. Mvulana mmoja aliuliza kama mwakani tutapamba kisima, na kabla sijajibu wengine wakamwambia anyamaze.

Tukaanza. Bi Sheldon aligeuza mawe, watoto wakachungulia, mimi nikakaa ukingoni na daftari lako la hesabu. Jiwe la kwanza Maisie akasema, "Hakuna." Nikaandika hakuna. La pili, "Hakuna." Walikuwa wanasema taratibu, kama kanisani. Kwenye jiwe la nane tulipata gando moja, limekwisha kuwa kama karatasi. Bi Sheldon akasema gando halihesabiwi.

Lakini ni watoto, Babu, na mawe ni arobaini. Kufika la ishirini walikuwa wamechoka kuhuzunika. Aliye mbele akawa anapaza sauti, "Hakuna!" na wa nyuma wanampokea, "Hakuna!" hadi kwa yule wa mwisho aliyekuwa karibu yangu, kisha sauti inarudi tena mbele. Wakaanza kurushiana maji. Mmoja akateleza akakaa kitako kijitoni, wakacheka, hata Maisie akacheka, mkono mdomoni kuficha meno yanayoota. Bi Sheldon alinitazama aone kama nitawanyamazisha.

Sikuwanyamazisha. Niliandika kila walipoita. Mistari yote arobaini imejaa, hakuna ulio mtupu. Nakala ninaiweka humu ndani.

Imogen